Muhami na Jalada: Tafakari ya Utetezi wa Jinai kutoka Thongpiny

Kiswahili kilipokea kutoka Kiarabu neno wakili, lenye maana ya mtu aliyekabidhiwa jambo la mwenzake, na kutoka lugha hiyo hiyo kikapokea kitenzi kuhami, yaani kulinda au kukinga, lakini hakikupata kuyaunganisha maneno hayo mawili katika kazi moja. Mjini Juba, ambako Kiarabu cha Juba ndicho lugha ya sokoni, ya kituo cha polisi na ya varanda za mahakama, mtu anayesimama mbele ya jaji kumsemea mshtakiwa huitwa muhami, mwenye kuhami. Wakili wa Kiswahili aweza kuwa wa nyumba, wa ndoa au wa shamba, naye hatazamiwi kupigana na yeyote. Muhami, kwa asili ya jina lake, hudokeza kwamba kuna kitu kinachokuja kwa nguvu na kwamba mtu fulani amekubali kusimama katikati. Tafakari hii inahusu huyo wa pili, na hasa yule aliyekwisha kuzeeka katika kazi hiyo: ujuzi wake ni wa kitu gani, na katika mji kama Juba ujuzi huo hujulikana kwa alama gani.

Swali hilo lina jibu jepesi kwingineko. Katika mfumo wa Kiingereza, uliozaa sheria za jinai za sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, uanasheria umegawanywa mafungu mawili: wapo wanaoandaa mambo ofisini pamoja na mteja, na wapo wanaosimama mahakamani kuhoji mashahidi na kujenga hoja, na hawa wa pili wakifikia daraja la juu huvishwa joho la hariri na kuhesabiwa miongoni mwa mawakili wa Mfalme. Kenya haikuendelea na mgawanyo huo, lakini ililibakiza daraja, kwa kuwa sheria yake ya mawakili humwezesha Rais kumtunuku cheo cha Wakili Mwandamizi mtu aliyeitumikia kazi hiyo kwa miaka isiyopungua 15. Huko ukongwe una vazi na una tarehe, na anayemtafuta mtetezi hodari aweza kuanza kwa kusoma orodha. Sudan Kusini haina fungu hilo la mawakili wa hariri. Yule yule anayeandika mkataba wa kiwanja asubuhi ndiye anayeweza kusimama mchana katika kesi ya mauaji, na sifa yake husafiri kwa midomo ya ndugu wa wafungwa.

Thongpiny, mtaa unaopakana na uwanja wa ndege wa kimataifa wa Juba, haujulikani kwa mahakama. Unajulikana kwa balozi, hoteli, ofisi za mashirika, na kambi ya Umoja wa Mataifa, ile ambayo Umoja wenyewe huiandika Tomping, ambamo maelfu ya watu walikimbilia Desemba 2013 vita vilipozuka mjini, wakakaa humo mpaka walipohamishiwa kambi nyingine upande wa Jebel. Kiswahili kinasikika katika mitaa hiyo bila taabu, kwa sababu ya Wakenya na Waganda wafanyao biashara mjini, na kwa sababu ya Wasudan Kusini wenyewe waliokulia Kakuma, Nairobi au Kampala. Juu ya hayo yote, ni mtaa wa wanaofika na wanaoondoka, na kwa mwenye kutafakari utetezi wa jinai jambo hilo lina uzito wake, kwa kuwa historia ya fani hii katika Afrika Mashariki imeandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliofika kwa ndege, wakafanya kazi ya kusifika, kisha wakapanda ndege tena.

Aliyetia fora kati ya hao ni Denis Nowell Pritt, wakili wa Kiingereza aliyeongoza utetezi wa Jomo Kenyatta na wenzake watano huko Kapenguria kuanzia mwishoni mwa 1952. Kapenguria ilikuwa eneo lililofungwa, ambalo mtu hakuingia ila kwa kibali. Mahakama iliwekwa katika jengo la shule, na mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku kwenda na kurudi. Pamoja na Pritt walikuwapo Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Moshi, H. O. Davies kutoka Nigeria, Chaman Lall kutoka India, na mawakili wa Nairobi wenye asili ya Kihindi na Kigoa, ambao ni Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza. Hakimu, Ransley Thacker, alikuwa jaji mstaafu aliyeteuliwa kwa ajili ya shauri hilo, na hakuna mtu makini chumbani mle aliyetazamia kwamba angewaachia washtakiwa. Tarehe 8 Aprili 1953 aliwatia hatiani wote sita, akawahukumu kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Mtu anayeupima ujuzi wa wakili kwa kuachiwa kwa mteja angesema Pritt alishindwa. Kipimo hicho ndicho kinachotumika zaidi mitaani, nacho hakifai, kwa sababu humpa sifa wakili aliyepewa kesi nyepesi na kumnyima yule aliyeingia mahali ambapo hukumu ilikwisha kupangwa. Alichokifanya Pritt ni kuyaelekeza maneno yake kwa mtu ambaye hakuwapo. Kila swali alilomwuliza shahidi, kila pingamizi aliloliweka, liliandikwa katika jalada, kwenye kumbukumbu za mwenendo wa shauri, yaani maandishi yanayoonyesha nani alisema nini na mahakama ikaamua nini, na maandishi hayo yalikuwa yakisafiri kwenda kwa majaji wa rufaa na kwa wasomaji wa miaka iliyofuata. Mwaka huo huo wa 1953 Mahakama Kuu ya Kenya ilikubali kwamba Thacker hakuwa ameteuliwa ipasavyo kusikiliza shauri mahali pale. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikautengua uamuzi huo, na kifungo kikasimama. Achieng Oneko, mmoja wa wale sita, alishinda rufaa yake baadaye, lakini serikali iliendelea kumweka kizuizini. Shahidi mkuu wa mashtaka, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo na ulikuwa umenunuliwa. Akashtakiwa na kufungwa kwa kiapo hicho cha pili, wala si kwa kile cha kwanza. Anayetaka kujua kwa nini wakili wa utetezi huandikisha hata pingamizi ambalo anajua litakataliwa, na asome mtiririko huo wa miaka sita.

Kuna jambo moja zaidi la Kapenguria ambalo lingeeleweka mara moja katika chumba chochote cha mahakama mjini Juba, nalo ni la mkalimani. Kazi hiyo alipewa kwanza Louis Leakey, mtaalamu wa mambo ya kale aliyekijua Kikikuyu tangu utotoni, na ambaye alikuwa ameandika hadharani dhidi ya Mau Mau, harakati ambayo washtakiwa walidaiwa kuiongoza. Utetezi ulizihoji tafsiri zake mara kwa mara mpaka akajitoa. Katika masimulizi mengi kisa hicho hupitwa haraka, kana kwamba kilikuwa ugomvi wa tabia, lakini kilikuwa kiini cha ufundi wenyewe: aliyeyashika maneno ya shahidi wakati yanavuka kutoka lugha moja kwenda nyingine ndiye aliyeushika ushahidi.

Juba mvuko huo ni mrefu zaidi. Mshtakiwa aweza kusema Kidinka, Kinuer, Kibari, Kizande au Kimurle. Mkalimani akayageuza maneno yake kuwa Kiarabu cha Juba. Na jaji, ambaye kwa kawaida huandika mwenendo kwa mkono wake mwenyewe, akayaweka katika Kiingereza, ambacho Katiba ya Mpito ya 2011 inakitaja kuwa lugha rasmi ya kazi. Katika kesi ya mauaji, umbali kati ya "nilimpiga akafa" na "nilimpiga ili afe" ni umbali kati ya kifungo na kitanzi, na umbali huo waweza kupotea katika pumzi moja ya mkalimani aliyechoka. Ndiyo maana mtetezi mkongwe hujulikana mahali hapa kwa sikio kabla ya ulimi. Huketi akiisikiliza lugha ya kwanza, au akimweka kando yake mtu anayeielewa, na sentensi inapokatika njiani husimama pale pale, kabla wino haujakauka, na kuomba maneno yarudiwe. Kwa mtazamaji asiyejua, wakili wa namna hiyo huonekana msumbufu anayechelewesha watu.

Lugha ni sehemu moja tu ya mzigo. Sudan ilipata kanuni yake ya adhabu ya kwanza mwaka 1899, na Waingereza waliichota kutoka kanuni ya India ya 1860. Ikaandikwa upya 1925 na tena 1974. Septemba 1983 Rais Jaafar Nimeiri alitangaza sheria zenye msingi wa sharia, na mwaka 1991 serikali ya Khartoum ikatunga sheria nyingine ya jinai. Upande wa msituni, harakati ya waasi ya SPLM ilijitungia kanuni zake, zilizochapishwa 2003 kwa maeneo iliyoyashika. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, serikali ya Juba ilitunga Kanuni ya Adhabu na Kanuni ya Mwenendo wa Jinai, zote za mwaka 2008, ambazo nchi huru ilizirithi tarehe 9 Julai 2011. Mtu aliyehitimu sheria Khartoum mwishoni mwa miaka ya 1970 aweza kuwa ametetea watu chini ya sheria kadhaa bila kuhama Juba, na chini ya nyingine tena kama alivuka mstari kwenda kwa waasi. Amebadilishiwa lugha ya kazi kutoka Kiingereza kwenda Kiarabu na kurudi. Vijana waliosomea Kampala au Nairobi humshinda kwa wepesi wa Kiingereza na kwa kujua hukumu za karibuni, lakini yeye hujua jambo ambalo wao hawajapata nafasi ya kujifunza: kwamba kitabu kilicho mezani chaweza kubadilishwa, na kwamba baada ya kubadilishwa bado patakuwa na jaji, askari, mtu mwenye pingu na haja ya kuuliza "umemkamata lini, na kwa hati gani?"

Swali hilo la mwisho halihitaji ufasaha wowote, na hapo ndipo taswira ya wakili msemaji, mwenye hotuba ya kuliza watu, inapopotosha. Sehemu kubwa ya utetezi wa jinai ni maswali makavu ya tarehe, saa, hati na mamlaka. Peter Biar Ajak, mchumi na mwanaharakati, alikamatwa na Idara ya Usalama wa Taifa Julai 2018 katika uwanja wa ndege wa Juba, yaani ng'ambo tu ya Thongpiny, akawekwa miezi mingi katika makao ya idara hiyo bila kufikishwa mahakamani. Mashtaka aliyosomewa mwaka uliofuata hayakuhusu jambo lolote alilofanya kabla ya kukamatwa. Yalihusu mgomo wa wafungwa humo kizuizini na mazungumzo yake na vyombo vya habari vya nje. Juni 2019 alihukumiwa miaka miwili, na Januari 2020 akasamehewa na Rais. Wakili wa utetezi katika shauri la namna hiyo hana siri ya kufichua wala shahidi wa kumvunja. Anachoweza ni kuuliza, mbele ya watu na kwa maandishi, ni sheria gani iliyoruhusu miezi ile ya kwanza, na kuliacha swali likae pale bila jibu.

Palipo na mashahidi, kuna ufundi mwingine, ambao Watanzania wameupa jina zuri la dodoso: maswali ambayo wakili humwuliza shahidi wa upande wa pili baada ya upande huo kumaliza naye. Kanuni ya zamani ya dodoso ni kutouliza swali ambalo jibu lake hulijui, na kanuni iliyo ngumu zaidi ni kujua wakati wa kukaa chini. Machi 2014 wanasiasa wanne, Pagan Amum, Oyai Deng Ajak, Majak D'Agoot na Ezekiel Lol Gatkuoth, walifikishwa mbele ya mahakama maalumu mjini Juba kwa tuhuma ya uhaini, yaani kujaribu kuipindua serikali Desemba 2013. Miongoni mwa mashahidi walioitwa na mashtaka alikuwapo Jenerali Mac Paul, aliyekuwa mkuu wa ujasusi wa kijeshi, naye alisema hadharani kwamba hakuwa na ushahidi wa mapinduzi, na kwamba mapigano yalianzia ndani ya kikosi cha walinzi wa Rais. Shahidi anapojenga nyumba ya upande wa pili kwa mikono yake mwenyewe, kazi ya wakili ni kutomgusa. Wengi wa umri mdogo wangesimama na kuuliza zaidi, kwa furaha ya ushindi, na kumpa nafasi ya kujirekebisha. Mwishoni mwa Aprili serikali iliyaondoa mashtaka na wanne hao wakaachiwa, na ingawa ilisema imefanya hivyo kwa ajili ya amani, ushahidi wa jenerali huyo ulikwisha kuandikwa.

Kesi ya James Gatdet Dak, aliyekuwa msemaji wa kiongozi wa upinzani Riek Machar, iliwatia mawakili katika njia panda ya aina nyingine. Alikamatwa Nairobi Novemba 2016 na kusafirishwa kwa ndege hadi Juba, licha ya kuwa mkimbizi. Desemba 2017 pande za vita zilitia saini mkataba wa kusimamisha mapigano uliotaka wafungwa wa kisiasa waachiwe, na mawakili wake, waliposhindwa kumfungua kwa hoja hiyo, walijiondoa katika shauri kwa kupinga. Februari 2018 alihukumiwa kifo. Akasamehewa na kuachiwa mapema Novemba mwaka huo, baada ya mkataba mwingine wa amani. Kujiondoa kuna heshima yake, kwa kuwa wakili akikaa katika chumba ambamo kila jambo limeamuliwa kabla, kuketi kwake kwaweza kuipamba dhuluma ionekane haki. Hata hivyo, ukipima kwa kipimo cha jalada, ni vigumu kuuona uamuzi huo kuwa sahihi. Kuanzia siku wakili anapotoka, kurasa za upande wa utetezi hubaki nyeupe, na hakuna jaji wa rufaa anayeweza kusoma ukimya. Pritt naye alikuwa na kila sababu ya kuondoka Kapenguria, tena alishtakiwa kwa kuidharau mahakama kutokana na simu ya maandishi aliyoipeleka kwa wabunge wa Uingereza, akashinda. Lakini alirudi chumbani.

Kuna eneo ambalo hapana budi kusema kwamba vitabu vya London havimsaidii wakili wa Juba hata kidogo, nalo ni la dia. Kifungu cha 206 cha Kanuni ya Adhabu ya 2008 kinaweka adhabu ya kifo au kifungo cha maisha kwa kosa la kuua kwa kukusudia, kisha kinaongeza sharti kwamba, ndugu wa karibu wa marehemu wakichagua fidia ya damu kwa mila, mahakama yaweza kuitoa badala ya hukumu ya kifo, pamoja na kifungo kisichozidi miaka 10. Wadinka huiita fidia hiyo apuk, na hulipwa kwa ng'ombe. Sentensi hiyo moja ya sheria humtoa mtetezi mahakamani na kumkalisha chini ya mti, kati ya koo mbili zenye uchungu, mahali ambapo joho lake halina maana na Kiingereza chake ni kikwazo. Hapo mwenye uwezo ni chifu na wazee, na wakili mwerevu hujua kunyamaza, kumtafuta mjomba anayesikilizwa, kuhakikisha kwamba makubaliano yatakayopatikana yanaandikwa na kufikishwa kwa jaji kabla ya hukumu. Lawama dhidi ya utaratibu huu zinajulikana: mwenye ng'ombe ananusurika na maskini ananyongwa, na katika ukoo wa marehemu sauti ya mjane mara nyingi ndiyo ya mwisho kuulizwa. Lawama hizo ni za kweli. Lakini mtetezi hakuajiriwa na sera. Ameajiriwa na mtu mmoja aliye katika gereza kuu la Juba, na mlango ambao sheria imeuacha wazi ni wajibu wake kuugonga.

Ikumbukwe pia kwamba mashauri mengi ya nchi hiyo hayafiki kwa jaji kabisa, bali huishia katika mabaraza ya machifu, ambayo Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2009 iliyapa uwezo wa kushughulikia mambo ya mila, na mambo ya jinai pale tu yanapoingiliana na mila na kuletwa kwao na mahakama yenye mamlaka. Wakili hana kiti katika mabaraza hayo. Kwa hiyo neno "mteja" lenyewe, mjini Juba, humaanisha mtu mwenye bahati. Katiba ya Mpito, katika kifungu cha 19, inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo, na inaitaka serikali impe msaada wa wakili yule anayekabiliwa na kosa zito bila uwezo wa kulipa. Novemba 2017 mvulana wa miaka 15 alihukumiwa kifo na mahakama ya Sudan Kusini kwa kosa la kuua, ingawa Katiba hiyo hiyo hairuhusu adhabu ya kifo kwa aliye chini ya miaka 18. Katika shauri lake la kwanza hakuwa na wakili. Alichokuwa nacho ni kwamba alimwambia jaji umri wake. Mawakili walipopatikana baadaye na kukata rufaa, walikuwa na jambo la kushika: Julai 2020 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba alikuwa mtoto, ikaifuta hukumu ya kifo na kulirudisha shauri Mahakama Kuu, na Machi 2022 akatoka gerezani. Mtoto huyo alifanya peke yake, bila kujua, kazi ya kwanza ya mtetezi.

Jalada nalo laweza kupotea. Julai 2016 askari wa serikali walivamia hoteli ya Terrain mjini Juba, wakamwua mwandishi wa habari John Gatluak na kuwabaka wafanyakazi wa mashirika ya misaada. Mahakama ya kijeshi ilisikiliza kesi kuanzia Mei 2017, na Septemba 2018 ikawatia hatiani askari 10, ikaamuru familia ya Gatluak ilipwe ng'ombe 51 na kila mwanamke aliyebakwa alipwe dola 4,000. Wakili wa waathirika alipotaka kukata rufaa dhidi ya kiwango hicho, aliambiwa kwamba jalada halionekani. Hapa wakili wa utetezi na wakili wa waathirika, ambao kwa kawaida huketi meza mbili zinazotazamana, hujikuta na haja moja, kwa sababu pasipo jalada hakuna anayeweza kuongeza fidia wala kupunguza kifungo. Wakili mkongwe hutunza nakala yake mwenyewe ya kila ukurasa, na mahali ambapo umeme hukatika, mvua huingia ofisini na vita huhamisha watu, jambo hilo dogo laweza kuwa sehemu kubwa kuliko zote ya utaalamu wake.

Imebaki hatari, na haipasi kuipamba. Joseph Garang, ambaye mwaka 1957 alikuwa Msudan Kusini wa kwanza kuhitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Khartoum, alichagua uwakili badala ya ujaji. Julai 1971, baada ya mapinduzi dhidi ya Nimeiri kushindwa, yeye mwenyewe alinyongwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, siku chache tu baada ya Nimeiri kurudi madarakani. Dong Samuel Luak, mwanasheria wa haki za binadamu aliyekuwa katibu mkuu wa chama cha sheria cha Sudan Kusini, alikimbilia Nairobi, akatoweka huko tarehe 23 Januari 2017, na mwenzake Aggrey Idri akatoweka siku iliyofuata. Mwaka 2019 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba yaelekea sana wote wawili walirudishwa kwa siri Sudan Kusini na kuuawa mwishoni mwa mwezi ule ule. Serikali ilikana kuhusika. Pritt, baada ya Kapenguria, na baada ya kumtetea Julius Nyerere mjini Dar es Salaam mwaka 1958 katika kesi ya kashfa iliyoisha kwa faini ya shilingi 3,000, alikuwa na London ya kurudi. Wenye kuishi kati ya Thongpiny na mahakama za mjini hawana mji wa pili wenye uhakika, na kwa sababu hiyo ukongwe wao una maana ambayo orodha ya mawakili wa hariri haiwezi kuionyesha: kwamba miaka mingi imepita na bado wapo, na bado wanapokea kesi.

Tarehe 22 Septemba 2025, katika ukumbi wa Freedom Hall mjini Juba, Riek Machar na wenzake saba waliketishwa ndani ya kizimba cha vyuma mbele ya mahakama maalumu, kwa mashtaka ya mauaji, uhaini na makosa dhidi ya ubinadamu yaliyohusishwa na shambulio la mjini Nasir la Machi mwaka huo, na shauri likaonyeshwa katika televisheni ya taifa. Mawakili wa utetezi hawakuanza kwa kuyajibu mashtaka. Walianza kwa pingamizi la awali, yaani hoja inayotolewa kabla ya ushahidi wowote kusikilizwa, wakisema kwamba mahakama hiyo haikuwa na mamlaka juu ya jambo hilo na kwamba mteja wao alikuwa na kinga. Majaji waliwasikiliza kwa siku kadhaa. Pingamizi lilikataliwa, na limo katika jalada.